Uongo Wenye Masharti: Picha za Kutisha, za Maajabu na za Kuchekesha Zilizotufikia Lindi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni katika ukumbi mmoja wa Mtanda, Lindi mjini, mbele ya wenye vibanda vya video, walimu, wanafunzi na wapenda picha wengine. Mvua iliwazuia wengi. Nayaweka yote kama yalivyotoka, isipokuwa pale nilipokuwa naonyesha vipande ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Vijana wa nyuma kule, mambo? Mnanisikia? Basi kama mnanisikia, punguzeni hiyo simu.

Niliitwa nije niseme picha zipi za siku hizi ni nzuri na zipi ni za kutupa. Nitasema, tena kwa majina. Lakini kwanza niwaambie nahukumu kwa mizani gani, maana anayehukumu bila kuonyesha mizani yake anaonea watu tu.

Picha za kutisha, za maajabu na za kuchekesha ni ukoo mmoja. Zote tatu zinaanza na uongo ambao hata mtoto wa chekechea anaujua kuwa ni uongo. Maiti haiamki. Paka haendeshi mashua. Polisi mwenye miaka sabini haingii benki amevaa sketi ya shule. Sasa mtu akikuletea uongo mkubwa kiasi hicho, wewe mtazamaji unamdai nini?

Unamdai masharti. Mganga akikupa dawa anakwambia usivuke maji, usile kichwa cha samaki, ukiitwa njiani usigeuke. Dawa yenyewe hujui inafanyaje kazi, na wala huulizi. Unachokishika ni masharti, na hadithi yote iko hapo: atageuka au hatageuka? Picha isiyo na masharti inakuchosha. Picha iliyojiwekea masharti halafu ikayakanyaga yenyewe inakuibia kiingilio. Ndiyo mizani yangu, sina nyingine.

Tuanze na za kutisha, kwa sababu najua ndizo zinazojaza mabenchi.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kusini tunajua kutishwa kuliko wengi. Waliokulia kwenye ngoma za Wamakonde wanajua midimu, wengine mnasema mapiko. Kinyago kinatoka, vijana wanapiga ngoma, kina mama wanakimbia huku wanapiga kelele. Sasa niulize: mama yule hajui aliyevaa kinyago ni nani? Anajua sana. Ni jirani yake, jana kaja kuazima jembe. Lakini anakimbia, na anakimbia kwa dhati. Kwa nini? Kwa sababu kuna makubaliano. Mvaaji hasemi kwa sauti yake ya kila siku, hajifunui mbele za watu, wala hachezi kivivu. Yeye anatimiza yake na mama anatimiza yake. Siku mvaaji akijikwaa akatukana kwa sauti yake mwenyewe, ngoma imekufa.

Kwa kipimo hicho, nichukue Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025. Ambao hamjaiona zibeni masikio, sitaficha kitu. Ni mwaka 1932, jimbo la Mississippi, Marekani, nchi ya mashamba ya pamba. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wanachezwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao kutoka Chicago wakiwa na hela ambazo ukiuliza zilikotoka utapata shida. Wananunua kiwanda kikuukuu cha mbao, wanakigeuza klabu ya watu weusi. Pombe, samaki wa kukaanga, muziki. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gita. Gita lile linavuta watu, halafu linavuta na wasio watu. Wanyonya damu wanafika mlangoni.

Masharti? Mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe. Basi. Hilo tu.

Niliiona kwenye kibanda umiza kimoja cha hapahapa mjini, toleo lililotafsiriwa, mabenchi yamejaa, feni moja inazungusha joto lilelile. Kuna jamaa anaitwa Cornbread, baunsa wa klabu. Anatoka nje kujisaidia, akirudi si yule tena. Anasimama mlangoni anaomba aambiwe apite. Anabembeleza. Anatania. Anabembeleza tena. Mlangoni pa kibanda alikuwa amesimama mama mmoja muuza ming'oko na beseni lake kichwani, kiingilio hajalipa, anachungulia tu. Akapaza sauti: "Kama ni mwenzenu, mbona haingii mwenyewe?" Haikupita muda, Annie, mganga wa mizizi anayechezwa na Wunmi Mosaku, akauliza swali hilohilo ndani ya picha. Kibanda kizima kikamgeukia yule mama.

Mnaona kazi hiyo? Hakuna mzee aliyeletwa kutusomea sheria za wanyonya damu. Tuliachiwa tuitambue wenyewe, na mama wa ming'oko akaitambua kabla ya mapacha. Halafu baadaye sharti linavunjwa. Nani analivunja? Grace, mwanamke wa Kichina mwenye duka. Mwanawe ametishiwa kule mjini, damu inamchemka, anawaita wale mashetani waingie yaishe. Kwa hiyo halikuvunjwa na mwandishi aliyechoka kufikiri. Limevunjwa na mama mwenye uchungu, na kila mmoja ndani ya kibanda alimlaumu na kumwelewa hapohapo.

Kuna dakika chache katikati, Sammie anapiga na kuimba, na ndani ya ukumbi wanaanza kutokea wachezaji ngoma wa Afrika ya kale, wapiga gita la umeme, madijei wa miaka ambayo haijafika, wote wanacheza sakafu moja. Yule DJ aliyetafsiri, ambaye huwa hafungi mdomo hata watu wakilala, hapo alinyamaza. Namheshimu mpaka leo.

Ila ina kasoro. Mwishoni Smoke anapigana na wabaguzi wenye bunduki, na ile ni picha nyingine kabisa iliyoshonewa nyuma ya hii. Risasi tamu, sikatai, ila masharti ya usiku kucha yamewekwa kando. Na wenye vibanda, nawaomba jambo moja: msizime majina yanapoanza kupita! Baada ya majina kuanza kuna kipande kizima cha mwaka 1992, Sammie mzee, anachezwa na Buddy Guy, mpiga gita mwenyewe wa kweli. Kibandani tulizimiwa. Nilikuja kukiona baadaye kwenye simu ya mtu.

Ya pili ni Weapons ya Zach Cregger, nayo ya 2025. Mji mdogo wa Marekani. Watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa nane na dakika 17 usiku, wanafungua milango, wanakimbilia gizani mikono wameinyoosha pembeni. Darasani anabaki mtoto mmoja, Alex. Wazazi wanamgeukia mwalimu: umewafanya nini watoto wetu? Walimu mliomo humu mtaielewa picha hii kuliko mimi.

Mchawi ni Gladys, shangazi aliyekuja kuuguzwa. Zana zake ni kijiti cha mti wenye miiba, nywele za mlengwa, damu kidogo, kengele. Nywele zinazungushiwa kwenye kijiti, kijiti kinavunjwa, mtu anatumwa. Wamarekani walihitaji saa nzima na zaidi kuelewa mambo hayo. Mtu wa Lindi anahitaji dakika ngapi? Nani humu ndani anatoka kwa kinyozi bila kutupia jicho nywele zake zinafagiliwa kwenda wapi? Msicheke. Hata wanaocheka wanaangalia.

Na masharti yanashikwa mpaka mwisho. Kile alichokuwa akiwafanyia watu, Alex anamfanyia yeye, kwa kijiti kilekile. Mkuki kwa nguruwe. Amy Madigan anamcheza Gladys kwa namna ambayo unacheka, kisha unajisikia vibaya kwamba umecheka.

Lakini hapo nina neno, na naomba mnivumilie. Kwao, bibi mchawi ni hadithi. Kwetu Tanzania, hasa kule Kanda ya Ziwa, kina bibi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni. Kwa hiyo picha hii ikioneshwa Lindi si sawasawa na ikioneshwa kwao. Usiku ule, wakati tunatoka, kijana mmoja akataja jina la bibi wa mtaani kwake, akasema "Gladys wetu." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nimeisifia picha na bado naisifia, ila mtafsiri anayeweka sauti juu yake ana nafasi ya kusema neno moja pale, na yule aliyetafsiri hii badala yake aliongeza petroli.

Nosferatu ya Robert Eggers, ya 2024, nayo ya mnyonya damu, nitaipitia haraka. Imepigwa vizuri mno, kila fremu unataka kuitundika sebuleni, na hapo ndipo ugonjwa ulipo: ukianza kustaajabia taa, umeacha kuogopa. Kilichonifurahisha zaidi ni historia yake. Ile ya kwanza, ya F. W. Murnau ya Ujerumani mwaka 1922, ilitokana na riwaya ya Dracula bila ruhusa. Mjane wa mwandishi akashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Hazikuisha. Zilizosalimika ndizo zilizoifikisha kwetu. Naona wenye kuuza picha kwenye flashi mnatabasamu. Sijasema mna haki, nimesema historia.

Na zetu? Mussa Banzi alitupa Nsyuka mwaka 2003, wakati picha za video za Bongo ndiyo kwanza zinatambaa. Hela kidogo, kamera ya kawaida, na watu waliogopa. Waliokuja baada yake walipata kamera nzuri zaidi wakapoteza masharti. Mnaijua picha ninayoisema, sitaitaja kwa sababu ziko nyingi za namna moja. Mzimu unamtesa dada saa nzima. Haijulikani unataka nini, haijulikani unaogopa nini. Zikibaki dakika kumi, anatokea mganga ambaye hatujawahi kumuona, kaniki nyeusi na nyekundu, anapuliza unga, mzimu unalia, kwisha. Au anatokea mchungaji, naye hatujawahi kumuona, anakemea, kwisha. Na kama si hivyo, yanakuja maandishi: itaendelea Sehemu ya Pili. Jamani, kama mganga alikuwepo siku zote, si angeitwa mapema tukalale?

Nihamie kwenye maajabu.

Nyinyi ni watu wa Lindi, kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kuwaringia kwa mijusi, nasema wale wakubwa wa kale, dinosaria. Jurassic World Rebirth, ya Gareth Edwards, ilitoka mwaka 2025, na vijana walijazana kuiona. Mnajua yule mjusi mwenye shingo ndefu ambaye kwenye Jurassic Park ya 1993 anasimama kula majani ya juu, watu wanadondosha miwani? Sura hiyo dunia imeipata kwa sehemu kubwa kutokana na mifupa ya Tendaguru. Tendaguru hii hii, kilima kilichopo huku kaskazini magharibi ya mji wetu. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, mtu wa nchi hii. Mifupa ikabebwa vichwani na mabegani, siku kwa siku, porini, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Leo mjusi amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni mita 13 na ushee, hakuna mifupa ya mjusi iliyosimamishwa mahali popote ikamzidi kimo. Swali la kumrudisha limeulizwa hata bungeni, si mara moja.

Sasa tuirudie picha. Masharti yake ni mazuri sana, niseme ukweli: watu wapate damu ya wanyama watatu wakubwa kuliko wote, mmoja wa majini, mmoja wa nchi kavu, mmoja wa angani, na wote wawe hai. Ukisikia hivyo unakaa sawa kwenye benchi. Wa majini anawatoa jasho. Wa nchi kavu, mwenye shingo ndefu, ndugu wa mjusi wetu, anachukuliwa damu kirahisi kama mtu anayepima malaria, muziki mtamu unapigwa, wanaendelea na safari. Sharti moja kati ya matatu limepita bure! Halafu mwishoni wanaleta dude lililoharibika maabara, lina miguu ya ziada, kichwa kimevimba. La nini? Ulikuwa na mnyama wa kweli, aliyewahi kukanyaga udongo, ukamfanya pambo, ukaenda kuunda kinyamkera. Hukumu yangu: nusu ya kwanza tazama, nusu ya pili nenda kanunue pweza.

Mtu akitaka picha ya maajabu ya kweli, aende kwa wale wapagazi. Msafara wa watu wamebeba mfupa wa paja ambao hawajui ni wa kiumbe gani. Wanaambiana nini usiku wakipumzika? Ni zimwi? Ni jiwe? Ukiugusa unapatwa na nini? Hapo masharti yanajizaa yenyewe. Vijana wenye kamera, mnasubiri nani aje kuipiga?

Lakini picha ya maajabu iliyonishinda moyo inatoka Latvia, nchi ndogo kule Ulaya. Inaitwa Flow, ya 2024, ya kijana Gints Zilbalodis. Imetengenezwa kwa programu ya Blender, ambayo ni ya bure, hata wewe waweza kuipakua ukiwa na bando. Ikachukua Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025, mbele ya makampuni yenye majengo kama wizara.

Ni paka mmoja mweusi. Maji yanapanda. Hatuambiwi kwa nini. Watu hawapo. Paka anapanda juu, juu zaidi, hadi anakutana na mashua, na ndani yake kuna mnyama mnene mpole wa Amerika ya Kusini, baadaye mbwa, kima wa Madagaska anayependa kukusanya vitu, na ndege karani, yule wa miguu mirefu anayewapiga nyoka mateke. Sharti? Hakuna anayesema neno. Hata moja. Paka analia kipaka, mbwa anabweka kimbwa. Kwa dakika 85 hakuna sauti ya mtu.

Kwa hiyo DJ hana kazi! Wale mliokulia kwenye sauti ya Lufufu, mtafsiri wa picha, mnajua hilo ni jambo gani. Niliionesha kwa watoto wa mtaa wetu, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Nilidhani watachoka. Yanapoanza maji kuingia ndani ya nyumba, polepole, yanapita chini ya mlango, mtoto mmoja wa darasa la tatu akasimama, akainua ndala zake kutoka sakafuni akazishika mkononi. Hakusema kitu. Akatazama picha mpaka mwisho ndala zikiwa mkononi.

Nani asiyejua sababu? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, mabasi yakalala porini, nyumba zikaingia maji. Mtunzi wa Latvia hakuwa na habari na sisi. Alishika sharti lake tu, la kunyamaza, na ndani ya ukimya ule kila mtu anaingiza maji yake.

Kasoro? Wale wanyama wanashika usukani wa mashua. Hapo kadanganya kidogo. Nimemsamehe.

Wicked sitakaa nayo. Ni tamthilia ya nyimbo, jukwaani inaisha kwa saa tatu hivi pamoja na mapumziko. Jon M. Chu akaikata picha mbili, moja Novemba 2024, nyingine Novemba 2025, ukizijumlisha unakaribia saa tano. Mnasema Bongo ndiyo wanaotukamua kwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili? Haya. Cynthia Erivo anaimba mpaka unasahau umekaa juu ya ubao. Ya kwanza ina uhai. Ya pili inakimbizana na hadithi nyingine, ile ya The Wizard of Oz, ambayo mtazamaji wa huku hakuisoma utotoni, na hapo wengi tulibaki tunatazama nguo.

Sasa vichekesho. Hapa nitagombana na watu.

Kuchekesha kuna sharti moja kubwa kuliko yote: aliye ndani ya kichekesho hajui kuwa anachekesha. King Majuto, Mungu amrehemu, tulimpoteza Agosti 2018. Mkumbukeni vizuri. Mliwahi kumuona akicheka kichekesho chake? Anadai hela yake kwa ukali wa kweli. Anamnyatia binti wa watu kwa matumaini ya kweli. Anakimbia mke wake kwa hofu ya kweli. Sisi ndio tulioanguka chini. Yeye alikuwa na shida zake.

Sasa tazama vichekesho vya kwenye simu vya siku hizi. Kijana kavaa dera, kajaza mito kifuani, kabla hajasema neno ameshaanza kucheka, anayepiga kamera naye anacheka, na sauti ya kicheko cha kununua imewekwa juu. Wote wamecheka, mimi nimebakiza nini? Nimeshasema nitagombana na watu.

The Naked Gun ya 2025, ya Akiva Schaffer, inalijua sharti hilo. Mmemzoea Liam Neeson, mzee wa kupiga simu na kuahidi kuua, tangu Taken ya 2008. Humu amepewa maneno ya kipuuzi na anayasema kwa sura ileile ya kuahidi kuua. Benki inaibiwa, anaingia mtoto wa kike na pipi ya kijiti, anavua sura, kumbe ni Neeson ndani ya sketi. Hata jicho halichezi. Kila akipita kuna mkono unampa kikombe cha kahawa, hata pasipo na sababu, na hakuna anayeshangaa. Katikati kuna kisa cha mtu wa theluji anayepewa uhai kwa kitabu cha uchawi kisha anashikwa wivu, na mle kibandani watu waliruka kwa hofu na kucheka kwa pumzi moja. Picha nzima ni dakika 85. Wa Wicked wasikie.

Lakini toleo lililotafsiriwa limeuawa. DJ alikuwa anacheka kabla ya Neeson hajamaliza kusema, halafu anaongeza utani wake wa mashabiki wa Simba na Yanga. Ndugu watafsiri, nawapenda, nyinyi ndio mlionileta kwenye sinema. Kwenye picha za ngumi ongezeni chumvi mnavyotaka. Kwenye kichekesho cha mtu mkavu, kuweni wakavu.

One of Them Days ni ya Januari 2025, ya Lawrence Lamont. Keke Palmer na SZA ni mashosti wanaoishi chumba kimoja Los Angeles. Kodi ni dola 1,500. Bwana wa mmoja wao amezila. Wana mpaka saa kumi na mbili jioni, la sivyo vitu vinatupwa nje. Hayo ndiyo masharti, na saa inatembea mbele ya macho yako. Wanajaribu mkopo, wanajaribu kuuza damu, kila mlango unaleta balaa jipya. Nani humu hajawahi kumwambia mwenye nyumba "mzee, korosho zikiuzwa tu"? Mwenye nyumba wa Lindi angalau anajua mnada una tarehe yake. Mwisho umekuwa mtamu kupita kiasi, mambo yamejipanga yenyewe. Bado naipa alama nzuri, kwa sababu wale mabinti hawachekeshi, wanatafuta kodi.

Nimeiacha ya mwisho kwa makusudi. On Becoming a Guinea Fowl, ya Rungano Nyoni, Zambia, majirani zetu. Ilioneshwa Cannes mwaka 2024, naye akapata tuzo ya mwongozaji katika kundi la Un Certain Regard, kwa kugawana na mwenzake. Binti anaitwa Shula, anatoka kwenye sherehe usiku, kavaa vazi la mbwembwe la kuiga mwanamuziki wa Marekani. Anakuta maiti barabarani. Anashuka, anatazama. Ni mjomba wake, Fred. Anarudi kwenye gari, anapiga simu nyumbani, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba umeme umekatika.

Mnacheka? Mimi pia nilicheka. Halafu unaanza msiba, kina mama wakubwa wamejaa sebuleni, mabinti hawapati hata pa kukaa kwa kupika na kupakua, ndugu wa marehemu wanamkalia mjane kooni na kumdai mali. Na kidogokidogo, jikoni, stoo, mabinti wanaanza kuelewana kwamba mjomba yule alichomfanyia mmoja ndicho alichowafanyia na wengine walipokuwa wadogo. Na wakubwa wanajua. Kumbe ile sauti yake ya baridi kule barabarani haikuwa kichekesho. Nyoni hakukudanganya; alikuonyesha tangu mwanzo, wewe ukacheka.

Sisi huku tuna watani. Mtani anakuja msibani, anazuia jeneza, anadai hela, anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anasema bakhili huyu amekufa na deni langu. Wafiwa wanacheka na machozi machoni, na haruhusiwi mtu kununa. Lakini mtani ana mipaka. Kuna mambo ya marehemu anayoyajua na hayasemi. Picha ya Nyoni inaanzia palepale mtani anaponyamaza. Ndiyo maana nasema ni picha bora kuliko zote nilizozitaja jioni hii, Sinners ikiwemo, na ndiyo maana nimewaomba wenye vibanda waioneshe usiku wa kina mama, bila DJ, kwa maandishi ya chini yaliyowekwa Kiswahili. Mmoja amekubali. Wengine wawili wameniambia haina stelingi.

Basi, nimesema yangu. Maswali. Naona mkono kule nyuma, yule kijana wa jezi ya kijani, na najua unataka kunipinga kuhusu mijusi. Simama, useme jina lako, na kama una hoja ya kulitetea lile dude la miguu ya ziada, nakupa dakika tatu.